Stesheni ya Kilosa: Historia na Mpangilio wa Makutano ya Reli

Utangulizi

Reli inapofika mahali palipobanana huwa na njia tatu tu za kupita. Yaweza kupita chini kwa chini, yaweza kupandishwa juu ya nguzo, au yaweza kulazwa juu ya ardhi na kugombania nafasi na vitu vilivyokuwapo kabla yake. Mjini London njia ya kwanza ndiyo iliyochaguliwa, na mwaka 1863 ikafunguliwa reli ya kwanza duniani ya kusafirisha abiria chini ya ardhi ya mji. Katika Afrika mji wa Cairo ulifungua reli ya namna hiyo mwaka 1987. Dar es Salaam ilichagua njia ya pili: reli mpya ya umeme, inapokaribia katikati ya mji, hupita juu ya nguzo za zege.

Kilosa si mji mkubwa, wala haina majumba marefu ya kuizuia reli. Hata hivyo hapana mahali pengi katika Tanzania ambapo reli imebanwa kama hapo. Kilichoibana ni milima kwa upande mmoja na mto kwa upande mwingine. Kwa sababu hiyo stesheni ya Kilosa ni somo zuri kwa mwalimu wa jiografia, wa fizikia na wa historia. Ndani yake mwanafunzi aweza kuona jinsi umbo la nchi linavyoamua mahali pa kujenga stesheni, jinsi stesheni inavyopangwa ili kazi yake ifanyike bila ajali, na jinsi kosa dogo la kupima nguvu ya maji linavyoweza kukata mawasiliano ya nchi nzima.

Kwa nini reli ilipita Kilosa

Msafiri atokaye pwani kwenda magharibi huvuka kwanza nchi ya tambarare. Baada ya Morogoro hukata mbuga ya Mkata, kisha mbele yake husimama safu ya milima ambayo ni ukingo wa nyanda za juu za kati. Kilosa iko chini ya ukingo huo, karibu meta 490 kutoka usawa wa bahari. Dodoma, iliyo juu ya nyanda, iko karibu meta 1,120. Atakaye kwenda Dodoma hana budi kupanda meta 630 hivi.

Mlango wa kupandia ulikwisha kuchimbwa na maumbile. Mto Mkondoa, ambao maji yake hutoka nyanda za Dodoma na Mpwapwa kwa mto Kinyasungwe na vijito vingine, umekata bonde jembamba katikati ya milima, ukatokea Kilosa, na mwishowe huungana na mto Wami na kuingia Bahari ya Hindi. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ililijua bonde hilo. Burton na Speke walilipitia mwaka 1857, na Stanley akalipitia mwaka 1871 alipokuwa akienda Ujiji. Wapagazi walilifuata kwa sababu lilikuwa na maji ya kunywa na mwinuko usiochosha.

Wahandisi wa Kijerumani walilifuata kwa sababu hiyo hiyo ya pili. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Upana kati ya reli mbili ulikuwa meta moja kamili, yaani milimeta 1,000, na ndio upana wa reli hiyo mpaka leo.

Ili kuelewa jinsi mwinuko unavyoitesa treni, tuchukue mfano wa treni yenye uzito wa tani 500. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana. Katika njia ya tambarare, na kwa mwendo wa polepole, kila tani huhitaji kani ya kuvuta ya nyutoni 30 hivi. Treni nzima basi huhitaji nyutoni 15,000. Sasa njia ipande meta 1 kwa kila meta 100. Kila tani itahitaji nyutoni 100 zaidi kwa ajili ya kuinuliwa tu. Jumla itakuwa nyutoni 130 kwa tani, yaani nyutoni 65,000 kwa treni nzima. Mwinuko ambao mtu kwa miguu hauoni kabisa umeuzidisha mzigo wa injini zaidi ya mara nne.

Kutoka Kilosa hadi Dodoma kwa reli ni karibu kilometa 180. Tukigawa meta 630 kwa kilometa 180 tunapata wastani wa meta 3.5 kwa kila kilometa, ambao ni mwinuko wa kadiri sana. Bila bonde la Mkondoa wastani huo usingepatikana kwa gharama nafuu. Ndiyo maana treni ya meta moja haikuwa na njia nyingine ya kupandia, na ndiyo maana haikuweza kuukimbia mto.

Vita na mabadiliko ya utawala

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliingia Kilosa mwezi wa Agosti. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli ili adui asiitumie, na kazi ya kwanza ya watawala wapya ikawa kuyatengeneza. Baada ya hapo reli ilipita katika mikono mingi. Ilikuwa chini ya Reli za Tanganyika, kisha tangu mwaka 1948 chini ya shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika lake la Reli.

Katika miaka hiyo yote stesheni ya Kilosa ilikuwa mlango wa mazao. Wilaya ilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge na mashamba ya pamba, na stesheni ndogo ya Kimamba, iliyo mashariki ya Kilosa, ilikua kwa sababu ya mkonge huo.

Mpangilio wa stesheni katika njia moja

Reli ya Kati ni njia moja: treni ziendazo na zirudizo hutumia reli zile zile. Mtu asiyejua hudhani kwamba stesheni ni mahali pa kupanda na kushuka tu. Katika njia moja stesheni ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kupishanisha treni.

Sehemu za stesheni ya aina hiyo ni hizi:

1. Njia kuu, ambayo hupita moja kwa moja mbele ya jukwaa.

2. Njia ya kupishania, ambayo huachana na njia kuu mwanzoni mwa stesheni na kuungana nayo tena mwishoni. Treni moja huingia humo na kungoja mpaka nyingine ipite.

3. Reli za kugeuzia, ambazo ni vipande vya reli vinavyosogea pembeni ili kuielekeza treni katika njia itakiwayo. Hufungwa kwa kufuli au kwa mitambo ili zisisogee treni ikiwa juu yake.

4. Ishara, zilizowekwa mbele ya stesheni kwa umbali wa kutosha ili dereva aweze kusimama kabla ya kufika mahali pa hatari.

5. Njia za kando, kwa ajili ya kupakia na kupakua mizigo, na kuweka mabehewa mabovu.

6. Jukwaa, ofisi ya mkuu wa stesheni, chumba cha tiketi na ghala.

Urefu wa njia ya kupishania si jambo la kubahatisha. Treni ya mabehewa 20, kila behewa likiwa na meta 13, pamoja na injini ya meta 15, ina urefu wa meta 275. Njia ya kupishania ikiwa fupi kuliko hapo, mkia wa treni utabaki katika njia kuu, na treni ya pili haitapita. Kwa hiyo njia fupi kuliko zote katika reli nzima ndiyo inayoweka mpaka wa urefu wa treni zitakazopishana hapo.

Umbali kati ya stesheni nao una maana. Sheria ya usalama husema kwamba katika kipande kati ya stesheni mbili isiwemo treni zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mkuu wa stesheni haruhusu treni kuondoka mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele amekubali kwamba njia ni wazi. Tuseme kipande kina kilometa 20, na treni hukimbia kilometa 40 kwa saa. Treni itakitumia kipande kwa dakika 30, na tuongeze dakika 5 za kupeana ruhusa. Siku ina dakika 1,440. Tukigawa kwa 35 tunapata treni 41 kwa siku, kwa pande zote mbili pamoja. Sasa stesheni moja ya katikati ifungwe, na vipande viwili viwe kimoja cha kilometa 40. Kila treni itahitaji dakika 65, na treni zitakazoweza kupita ni 22 tu.

Hesabu hii yaonyesha kwa nini zimejengwa stesheni ndogo porini kama vile Munisagara, Mzaganza na Godegode, ambazo abiria wake ni wachache. Pasipo stesheni hizo uwezo wa njia nzima hupungua, hata ule wa bandari ya Dar es Salaam na wa Kigoma.

Makutano: tawi la Mikumi na Kidatu

Kilosa haikubaki stesheni ya kupishania tu. Mwaka 1960 lilifunguliwa tawi la reli kwenda kusini hadi Mikumi, na mwaka 1965 tawi hilo likafika Kidatu, ng'ambo ya mbuga na karibu na mto Ruaha Mkuu. Urefu wake wote ni zaidi ya kilometa 100. Bonde la Kilombero lilikuwa limeanza kilimo kikubwa cha miwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sukari ni mzigo mzito usiovumilia barabara za matope. Mji wa Mikumi nao ukawa mahali ambapo reli na barabara kuu ya Morogoro na Iringa hukutana. Mbuga ya wanyama iliyo jirani ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964.

Stesheni inapokuwa makutano mpangilio wake hubadilika kwa mambo matatu. Kwanza, abiria wa tawi hungoja treni ya njia kuu, na wa njia kuu hungoja ya tawi. Kwa hiyo nyakati za treni zote mbili hazina budi kupangwa pamoja. Pili, mabehewa ya mizigo hutenganishwa na kuunganishwa upya, jambo linalohitaji njia nyingi za kando zilizo tambarare kabisa, kwani behewa lililoachwa juu ya mtelemko mdogo laweza kuondoka lenyewe. Tatu, treni ya mizigo itokayo tawini na kutakiwa kuelekea upande ule ule ilikotoka lazima igeuzwe. Hapo injini hukatwa, ikapita njia ya kando, ikaungwa kwenye mkia, na mkia ukawa kichwa.

Tawi la Kidatu lina fundisho jingine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilipita Kidatu pia. Reli mbili zikawa zimekutana, lakini hazikuweza kuungana. Upana wa TAZARA ni milimeta 1,067, na upana wa Reli ya Kati ni milimeta 1,000. Tofauti ni milimeta 67, ambayo ni kasoro ya upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini yatosha kulizuia kila behewa. Mwaka 1998 kilifunguliwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. Tofauti ndogo ya vipimo iliyoamuliwa na watu wa zamani hulipwa kwa jasho na fedha na watu wa baadaye.

Mto na reli

Bonde lililowapa wajenzi mwinuko mwepesi ndilo limeisumbua reli hadi leo. Kutoka Kilosa hadi Gulwe, umbali wa karibu kilometa 80, reli huandamana na mto, pengine upande huu na pengine upande ule.

Mto wa nchi kavu hudanganya. Katika kiangazi mchanga wake ni mpana na maji ni machache. Mvua inaponyesha nyanda za juu, maji hushuka kwa ghafula, hata kama Kilosa hakuna wingu. Nguvu ya maji haya haiongezeki kwa kadiri ya kasi yake tu. Wanafunzi wa mito wanafundishwa kanuni ya kipeo cha sita: kasi ya maji ikizidi mara mbili, uzito wa jiwe kubwa linaloweza kusukumwa nayo huzidi mara 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 64. Mto uliosukuma jiwe la kilo 1 asubuhi waweza kusukuma jiwe la kilo 64 jioni.

Maji hushambulia reli kwa namna tatu. Ya kwanza ni kuchimba. Maji yakizunguka nguzo ya daraja hufanya kizingia, na kizingia huchimba mchanga chini ya msingi mpaka nguzo inainama. Ya pili ni kula kingo. Kwenye kila pindo la mto, maji ya upande wa nje huenda kasi zaidi, na tuta la reli likiwa upande huo humomonyoka. Ya tatu ni kuziba. Magogo na matope hujaa katika makalavati, tuta la reli likageuka bwawa, na maji yakapita juu yake. Tuta la udongo halikujengwa kuwa bwawa. Likipitiwa juu huvunjika kwa muda mfupi. Mara nyingi kokoto na udongo huondoka, reli zikabaki zikining'inia hewani pamoja na mataruma yake.

Mwezi wa Desemba 2009 na Januari 2010 mambo hayo yote yalitokea pamoja. Mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wa Kilosa wakapoteza makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika mahali pengi. Safari za treni kutoka Dar es Salaam kwenda bara zilisimama kwa miezi. Mwenye duka wa Kigoma na mkulima wa Tabora waliumizwa na mvua ambayo haikunyesha kwao. Mafuriko yameikata njia katika kipande hicho mara nyingine pia, kabla na baada ya hapo.

Tiba zake zajulikana. Kingo huvikwa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Madaraja mafupi hubadilishwa kuwa marefu zaidi ili maji yapate nafasi. Makalavati husafishwa kabla ya masika. Lakini tiba iliyo ya msingi iko mbali na reli, kwenye vilima vya juu. Ardhi yenye miti na majani hunywa mvua na kuitoa polepole; ardhi iliyo tupu huimwaga yote kwa mara moja, pamoja na udongo utakaojaza mto na kuinua sakafu yake. Fundi wa reli wa Kilosa hana uwezo juu ya shamba lililolimwa mpaka ukingoni mwa kijito, lakini matokeo yake humfikia.

Reli mpya na mahandaki

Reli mpya ya umeme, yenye upana wa milimeta 1,435, ilianza kujengwa mwaka 2017. Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo huo. Kati ya Morogoro na Dodoma zimejengwa stesheni za Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu.

Reli hii nayo imepita Kilosa, kwa sababu milima haikuhama. Lakini haikufuata kila pindo la mto, na sababu yake ni ya fizikia. Treni inapopita kwenye kona hutupwa nje kwa kadiri ya kipeo cha pili cha kasi yake, na hutupwa kidogo kadiri nusukipenyo cha kona kinavyokuwa kirefu. Tuseme treni ya kilometa 40 kwa saa hupita salama kona yenye nusukipenyo cha meta 200. Treni ya kilometa 160 kwa saa, ambayo ndiyo kasi iliyokusudiwa katika reli mpya, ina kasi mara 4. Ili msafiri asitupwe zaidi kuliko yule wa kwanza, kona itahitaji nusukipenyo mara 16, yaani meta 3,200, kama mambo mengine yakiwa sawa. Reli kubwa namna hiyo haiwezi kujipinda pamoja na mto. Hukata moja kwa moja: penye bonde hujengewa daraja, na penye mlima huchimbiwa handaki.

Kwa hiyo katika milima ya Kilosa yamechimbwa mahandaki manne, ambayo kwa pamoja yana urefu wa zaidi ya kilometa 2. Paa la handaki hufanywa kwa umbo la tao, kwa sababu mawe na zege huvumilia sana kubanwa lakini huvumilia kidogo kuvutwa, na tao huugeuza uzito wote wa mlima kuwa wa kubana. Sakafu huachiwa mtelemko kidogo ili maji yanayochuruzika yasituame. Mambo haya mawili ni yale yale yanayozingatiwa na mjenzi wa stesheni ya chini ya ardhi mjini, pamoja na la tatu, hewa ya kupumua. Treni ya umeme haina moshi, na hapo shida ya hewa iliyowasumbua watu wa London mwaka 1863, walipokuwa wakivutwa na injini za mvuke chini ya ardhi, imepungua sana.

Mwisho

Reli ya zamani iliufuata mto kwa sababu injini zake zilikuwa dhaifu na fedha zilikuwa chache. Reli mpya imeweza kuukwepa kwa sehemu, kwa nguvu ya umeme na kwa gharama kubwa. Hata hivyo zote mbili zina madaraja juu ya maji yale yale. Usalama wao utategemea hali ya vilima vya Mpwapwa na Kilosa, na kwa hiyo utategemea pia watu wanaolima huko, ambao wengi wao hawajapanda treni.

Mazoezi

1. Treni ya tani 800 inapanda mwinuko wa meta 1 kwa meta 200. Ikiwa msuguano ni nyutoni 30 kwa kila tani, tafuta jumla ya kani inayohitajika.

2. Vipande vya reli kati ya stesheni vina kilometa 15, na treni hukimbia kilometa 45 kwa saa. Tafuta ni treni ngapi zinaweza kupita kwa siku, ukiongeza dakika 5 za kupeana ruhusa kwa kila treni.

3. Chora mpangilio wa stesheni yenye njia kuu, njia ya kupishania, njia mbili za kando na tawi moja. Onyesha mahali pa kila reli ya kugeuzia na kila ishara, na ueleze sababu.

4. Jaza mchanga katika sinia iliyoinamishwa kidogo, na usimamishe kijiti katikati. Mwaga maji polepole kutoka juu, kisha kwa nguvu. Tazama mchanga unachimbika upande gani wa kijiti. Rudia jaribio baada ya kufunika sehemu ya juu ya mchanga kwa majani yaliyobanwa kwa mawe, na ulinganishe rangi ya maji yatokayo chini.

5. Katika ramani ya wilaya yako, tafuta mahali ambapo barabara au reli huandamana na mto. Jadilini darasani kwa nini wajenzi walipachagua mahali hapo, na ni mambo gani yafanyike juu ya bonde ili njia hiyo idumu.